Woga Ndio Ulioua Tarakilishi Yetu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na kifo kikaniumbua. Ila kilichokufa hakikuwa mwili wangu. Ilikuwa ni tarakilishi ya Chama cha Kiswahili, ile iliyo kwenye kona ya chumba cha kompyuta karibu na dirisha, ambayo makala ya jarida hili hupigwa chapa ndani yake kila mwaka. Wengi wenu mlisikia muhula uliopita kwamba imekufa. Wachache mlisikia kwamba imefufuka. Lakini hamkuambiwa ni nani aliyeiua, wala ni nini hasa kilichoiua. Leo nimeshika kalamu ili niseme yote mawili, kisha nitoe maoni yangu kuhusu kufuli linaloning'inia kwenye mlango wa chumba hicho hadi leo.

Aliyeiua ni mimi. Kilichoiua ni woga.

Kabla sijafika mbali, yafaa nieleze BIOS ni kitu gani, kwa maana wengi wetu tukilisikia neno hilo tunadhani ni dawa ya minyoo. Ukibonyeza swichi ya tarakilishi, Windows haiamki yenyewe. Kuna programu ndogo inayotangulia kuamka. Programu hiyo hukaa katika chipu ndogo iliyo kwenye ubao mama, yaani lile bamba kubwa lililojaa vyuma na nyaya ambalo mafundi wa mjini huliita mazabodi. Hiyo ndiyo BIOS. Mfano wake ni mlinzi wa shule anayefika alfajiri. Anazunguka akitazama kama kila kitu kipo: kibodi ipo, kioo kipo, diski ipo. Akiridhika anafungua lango, na walimu na wanafunzi wanaingia kuendelea na kazi. Sasa fikiria mlinzi huyo amepotewa na funguo. Madawati yamo, vitabu vimo, chaki imo, lakini shule nzima imesimama nje ya lango. Mshike huyo mlinzi akilini, maana tutamhitaji mbele.

Jina BIOS lilitungwa na Mmarekani Gary Kildall katika miaka ya 1970 alipokuwa akiunda mfumo wa tarakilishi ulioitwa CP/M. Kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ya mezani mwaka 1981, programu hiyo ilikuwa imeandikwa katika chipu isiyofutika. Mtu wa kawaida hakuweza kuibadilisha, na hivyo hakuweza kuiharibu. Katika miaka ya 1990 zikaenea chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya zikiwa papo hapo kwenye ubao. Raha na balaa zikaingia kwa mlango mmoja. Mwaka 1998 mwanafunzi mmoja wa Taiwan aitwaye Chen Ing-hau aliunda kirusi kilichoitwa CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi hicho kililipuka katika tarakilishi nyingi, hasa barani Asia. Kiliharibu diski, na katika mashine nyingine kikaandika takataka juu ya BIOS. Wenye mashine hizo walibonyeza swichi wakaona giza totoro. Dawa ilikuwa ni kubadilisha chipu au kuiandika upya. Kwa hivyo ugonjwa huu si mgeni duniani, na tiba yake inajulikana. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi shuleni walipoona kioo cheusi walisema, "Hiyo imeenda! Tupa!"

Sasa turudi kwenye kona yetu. Tarakilishi yetu ni mzee. Tarehe iliyochapishwa kwenye ubao wake mama ni ya mwaka 2008, kabla mimi sijazaliwa. Ilitumika ng'ambo kabla ya kutufikia sisi. Mimi ndiye mpiga chapa wa chama, na kwa sababu hiyo nilikuwa na ruhusa ya kuchukua ufunguo saa ya chakula cha mchana. Katika stoo kuna mashine nyingine zilizokufa zamani, na ndani ya mojawapo niliona prosesa yenye kasi kuliko ya kwetu. Nikasoma mahali kwamba ubao kama wetu unaweza kuipokea prosesa hiyo mradi BIOS yake iwe mpya. Basi nikajiona fundi. Sikumwambia mtu. Nilitaka wenzangu waingie siku moja wakute mashine inakimbia kama swara, waulize ni nani aliyefanya hivyo, nami nijitokeze nikipiga kifua.

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano. Faili ya BIOS nilikuwa nimeipakua kwa simu ya binamu yangu na kuiweka kwenye flashi. Katika dakika tano nilifanya makosa matatu, na nayaandika hapa ili mtu mwingine asiyarudie. Kosa la kwanza, sikusoma jina la ubao hadi herufi ya mwisho. Wetu una herufi moja mwishoni, na faili niliyoileta ilikuwa ya ndugu yake mwenye herufi nyingine. Kwa macho ni mapacha, lakini dawa ya mmoja ni sumu kwa mwenzake. Kosa la pili, programu iliniuliza kama nataka kuhifadhi kwanza nakala ya BIOS ya zamani. Nikajibu hapana, kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia. Kosa la tatu, programu ilinionya kwamba faili na ubao havilingani. Nikailazimisha. Haraka haraka haina baraka, na mimi siku hiyo nilikuwa mwana wa haraka.

Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulipopita katikati ukasimama. Maandishi yakatokea kusema kwamba kilichoandikwa hakikuthibitishwa. Moyo ukanienda mbio.

Hapa naomba unisikilize vizuri, msomaji wangu, kwa sababu hoja yangu yote imelala hapa. Wakati huo kioo kilikuwa bado kinawaka. Mashine ilikuwa bado hai. Tarakilishi huisoma chipu ya BIOS inapoamka. Ikisha kuamka huendelea na kazi kwa yale yaliyokwisha kupakiwa katika kumbukumbu yake. Mlinzi ameshafungua lango, watu wako ndani. Hata akipotewa na funguo saa hiyo, masomo yanaendelea hadi jioni. Kwa hivyo mtu ambaye uandishi wa BIOS umemshinda lakini mashine yake bado inawaka hajaharibikiwa kabisa. Anachotakiwa kufanya ni kuiacha ikiwaka, kutafuta faili iliyo sahihi, na kuandika tena. Laiti ningekuwa na ile nakala ya zamani niliyokataa kuihifadhi, ningeirudisha pale pale na pengine hakuna mtu angejua. Hata bila nakala hiyo, ningemwita Mwalimu, tukaleta faili ya haki, tukaandika upya, yakaisha.

Lakini nilisikia viatu ukumbini. Ko, ko, ko, ko. Nilivijua viatu vile. Nikajiambia, nikikutwa hapa nimekwisha. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi.

Zii.

Viatu vikapita, vikaenda zao. Havikuwa hata vinakuja kwangu. Nilipobonyeza swichi tena, feni ilizunguka vuuu, taa ndogo ya mbele ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi kama chungu. Hata ile sauti ya "pip" tuliyoizoea haikusikika. Nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo, nikaenda darasani nikakaa kimya kama maji mtungini.

Yaliyofuata yananitia aibu hadi leo. Katika daftari la kuingia chumba cha kompyuta, jina la mwisho siku ile lilikuwa la kijana wa darasa la chini aliyekuwa ameingia asubuhi kupiga chapa shairi lake. Mimi sikuwa nimetia sahihi. Alhamisi akaitwa. Akaulizwa alichoguza. Akasema hakuguza kitu. Akaambiwa alete mzazi. Nilimwona akilia nyuma ya madarasa, nikapita kama simjui. Siku mbili nzima nilijua ukweli, naye alijua kwamba hana hatia, na kati yetu wawili ni yeye aliyekuwa akiadhibiwa.

Ijumaa jioni sikuweza tena. Nilimwendea mlezi wa chama.

"Mwalimu, ile kompyuta ni mimi niliyeiharibu. Si yule kijana."

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniita siku hiyo hiyo?"

"Niliogopa, Mwalimu."

"Uliogopa kompyuta ama uliniogopa mimi?"

"Nilikuogopa wewe, Mwalimu."

Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Haya. Utamwomba radhi yule mtoto mbele ya darasa lake. Halafu hiyo kitu utaitengeneza wewe mwenyewe, mimi nikikutazama."

Niliomba radhi. Haikuwa rahisi, lakini hiyo ni hadithi kati yangu na yeye. Ya tarakilishi ndiyo ya kuwasimulia.

Kwanza tulijaribu dawa za mitaani. Kila aliyesikia alikuwa na yake. Mmoja alisema toa betri. Tukaitoa ile betri ya duara kama sarafu, tukangoja, tukairudisha. Wapi! Baadaye nikaelewa kwa nini. Betri ile hutunza saa na mipangilio tu. Programu ya BIOS yenyewe haitegemei betri, na iliyokwisha kuandikwa vibaya hairudi kwa kutoa betri. Mwingine alisema tung'oe kumbukumbu tuzisugue kwa kifutio. Tukasugua. Wapi tena! Dawa ya jicho haiponyi tumbo.

Pili, tulijaribu njia ya dharura. Waundaji wa BIOS walijua kwamba ajali hutokea, kwa hivyo katika chipu nyingi kuna sehemu ndogo ya mwanzo ambayo kwa kawaida haiguswi wakati wa kuandika upya. Ninyi watoto wa mashamba ya chai mtanielewa. Kila baada ya miaka kadhaa chai hukatwa ikabaki visiki vitupu. Mgeni akipita wakati huo atasikitika na kusema shamba limekufa. Sisi tunajua mizizi iko hai na majani yatarudi. Sehemu hiyo ya dharura ndiyo mzizi. Ikiwa hai, inaweza kusoma faili kutoka kwenye flashi na kuiandika chipu upya hata kama kioo ni cheusi. BIOS ya ubao wetu ni ya aina ya AMI. Kwa aina hiyo faili ya haki hupewa jina AMIBOOT.ROM, ikawekwa kwenye flashi, kisha unawasha mashine huku umeshikilia kibodi, Ctrl na Home kwa pamoja. Tulijaribu mara tatu. Taa ya flashi haikupepesa hata mara moja. Nilipoilazimisha ile programu siku ya Jumatano, nilikuwa nimeunguza hata mzizi.

Ikabaki njia ya tatu, kuitoa chipu yenyewe. Bahati yetu, kwenye ubao ule chipu ya BIOS haikuchomelewa. Imekaa kwenye kitako chake na inaweza kung'olewa. Ina miguu minane, na ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwalimu aliniamuru kwanza nichomoe waya wa stima, kisha niguse chuma cha kasha, ili umeme mdogo unaokaa mwilini usije ukaiunguza. Halafu akaniambia nichore kwenye daftari upande ulio na alama, kwa sababu chipu ikirudishwa kinyume inaweza kuungua papo hapo. Nikachora. Nikaandika na jina la ubao, safari hii hadi herufi ya mwisho, mara mbili.

Jumamosi nilipanda matatu kutoka Litein hadi Kericho. Mfukoni nilikuwa na chipu, na pesa nilizopata kwa kuchuma chai. Fundi niliyeelekezwa kwake ni dada mmoja anayetengeneza simu na vipakatalishi katika kibanda chembamba, upana wake kama mlango. Nilimsalimu, nikamweleza. Hakucheka.

"Kijana, hii haijakufa," alisema. "Imefutwa tu. Ngoja nikuonyeshe."

Alitoa kifaa kidogo kiitwacho CH341A, hakizidi sana flashi kwa ukubwa. Akaichomeka chipu yangu upande mmoja, upande mwingine akauchomeka kwenye kipakatalishi chake. Akaisoma. Kioo kikajaa namba na herufi. Sehemu nyingine zilikuwa na maandishi mchanganyiko, lakini sehemu kubwa ilikuwa FF FF FF FF, mistari kwa mistari, imejipanga kama chai ya kampuni. Akanieleza kwamba hivyo ndivyo chipu tupu inavyosomeka. Nilikuwa naona kwa macho yangu mahali ambapo kalamu yangu ilikatika. Chipu nzima hubeba megabaiti 1 tu, ndogo kuliko picha nyingi za simu, lakini bila hiyo kilo zote zile za chuma ni uzito bure.

"Jina la mazabodi?" aliuliza. Nikamsomea. "Rudia ile ya mwisho." Nikarudia. Akaitafuta faili kwenye tovuti ya waliouunda ubao wenyewe. Akafuta chipu, akaandika, kisha kifaa kikasoma tena na kulinganisha herufi kwa herufi. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nikamlipa shilingi 500, nikarudi nyumbani nimeishika chipu kama yai.

Jumatatu baada ya masomo niliirudisha mahali pake, alama kwa alama, Mwalimu akitazama. Nikabonyeza swichi.

Pip!

Sijawahi kupenda sauti kama nilivyoipenda ile. Kioo kikawaka na kutulalamikia kwamba mipangilio imepotea na tarehe si sahihi. Mashine ilikuwa imerudi mwaka 2008. Tukaipangia tarehe ya leo, ikaendelea. Na sasa mkumbuke yule mlinzi na lango lake. Makala yote tuliyodhani yamepotea yalikuwamo, maana diski haikuwa imeguswa hata kidogo. Shairi la yule kijana wa darasa la chini lilikuwapo pia, kama alivyoliacha. Kama tungeisikiliza ile sauti ya "tupa", tungeyatupa nayo.

Huo ndio mwisho wa kisa, na sasa nianze maoni.

Baada ya tukio lile chumba cha kompyuta kilitiwa kufuli jipya. Wanafunzi wa madarasa ya chini hawaingii isipokuwa kwa somo, na wakiingia ni kibodi na kipanya tu. Kasha la kila mashine limebandikwa karatasi: USIGUZE. Naelewa nia. Mashine ni chache, fedha ni haba, na wazazi wetu hulipa karo kwa jasho. Lakini kwa heshima na taadhima nasema kwamba dawa hii inatibu ugonjwa ambao haukuwapo. Kilichoua tarakilishi hakikuwa kuguzwa. Ile dakika ya mwisho, mashine ikiwa bado inawaka na tiba ikiwa bado karibu, kilichobonyeza swichi ni woga wa kukutwa. Tukiongeza kufuli tunaongeza woga. Tukiongeza woga, atakayekosea kesho naye atazima na kukaa kimya.

Tazameni maabara ya kemia. Kila muhula mirija ya majaribio huvunjika. Je, maabara hufungwa? La. Kuna kitabu cha vilivyovunjika. Ukivunja unasema, unaandikwa, unalipa, unaendelea. Hakuna anayeficha vigae mfukoni, kwa kuwa kusema kuna gharama inayojulikana na isiyotisha. Na hata katika kiwanda cha chai mashine ikianza kulia vibaya, mfanyakazi hupaza sauti mara moja. Akinyamaza, ni majani ya watu wengi yatakayoharibika. Kwa nini chumba cha kompyuta peke yake kiwe mahali ambapo anayesema huumia na anayenyamaza husalimika?

Isitoshe, mashine tunazopata ni za mtumba, na mtumba hauachi kuchanika. Tangu mwaka 2002 shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likikarabati tarakilishi zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Maana yake ni kwamba tarakilishi iliyoachwa na mwenyewe bado ina kazi mikononi mwa anayejua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi zitatupwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Katika mlima huo wa taka ni mashine ngapi zilizokosa dada mmoja mwenye kifaa kidogo na dakika chache?

Fauka ya hayo, tujitazame sisi wa Kericho na Bomet. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho. Sitaingilia ugomvi ule, kwa maana mashine zimewanyima watu kibarua, na njaa haina adabu. Nasema tu kwamba mashine zinakuja, tupende tusipende. Zitakapoharibika, mtu ataitwa kuzitengeneza, na mtu huyo atalipwa. Tukimaliza shule tukiwa tunajua kibodi na kipanya tu, hataitwa mmoja wetu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasema, "Wewe mwenyewe ni ushahidi kwamba wanafunzi huharibu." Ni kweli, na sijitetei. BIOS inayofanya kazi haiguswi bila sababu, na mimi sikuwa na sababu ila sifa. Mwalimu aliniuliza baadaye, ile prosesa ya kasi ingesaidia nini katika kupiga chapa insha? Nikakosa jibu. Hadi leo haijawekwa. Lakini ushahidi huo huo una upande wa pili. Mwanafunzi aliyeiharibu ndiye aliyeitengeneza, kwa shilingi 500 na wiki moja ya kusoma. Mtu aliyepitia hayo mtamwamini zaidi na bisibisi kuliko asiyewahi kukosea.

Basi napendekeza mambo manne. Mosi, kufuli lifunguliwe saa ya chakula cha mchana na baada ya masomo, kwa zamu na kwa daftari la sahihi. Pili, mashine zilizokufa stooni zitolewe ziwekwe kwenye meza moja iwe meza ya kujifunzia. Hizo hazina cha kupoteza. Tatu, kuwe na kitabu cha vilivyoharibika kama cha maabara, na atakayesema siku hiyo hiyo asiadhibiwe ila ashiriki kutengeneza. Nne, ile karatasi ya USIGUZE ibanduliwe, ibandikwe nyingine yenye kanuni hizi: Hifadhi nakala ya zamani kabla ya kuandika mpya. Soma jina la ubao hadi herufi ya mwisho. Usiandike BIOS siku ya radi au stima inapoyumbayumba. Nani amesahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani bila kubisha hodi? Na ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote: likiharibika na kioo bado kinawaka, usizime. Ita mtu.

Lakini kanuni hiyo ya mwisho haitafanya kazi kama wa kuitwa anaogopwa. Hilo si la wanafunzi peke yetu. Tunawaomba walimu wetu watusaidie.

Naomba nitie nanga kwa jambo moja. Kwa kuwa mimi ni mpiga chapa wa chama na niko kidato cha tatu, ufunguo wa chumba kile bado napewa. Yule kijana wa darasa la chini, ambaye hakuharibu chochote, haruhusiwi kuingia bila mwalimu. Aliyekosa yuko ndani, asiyekosa yuko nje. Shairi lake mtalisoma katika jarida hili. Nililitoa mimi kwenye ile tarakilishi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuifikia.

Kufuli lifunguliwe.